Ndoana Huchagua, Kokoro Halichagui

Mwezi wa Juni uingiapo, hali ya nchi hubadilika kusini mwa Tanzania. Katika kata ya Naipingo, wilayani Nachingwea, na katika vijiji vielekeavyo Ruangwa, mvua zimekwisha koma, ufuta unavunwa, na asubuhi wazee huota moto kabla ya kwenda shamba. Vijito hupungua nguvu, kisha hukatika vipande vipande na kuacha vidimbwi. Wakati huo huo, zaidi ya kilometa 100 upande wa mashariki, pepo za kusi huipiga pwani ya Lindi, bahari huchafuka, na mvuvi mwenye mtumbwi au ngalawa hawezi kutoka kwenda maji makuu. Hurudi ndani, penye kivuli cha mikoko, mahali ambapo mto hukutana na bahari.

Watu hawa wawili, mkulima wa Naipingo na mvuvi wa Lindi, aghalabu hawaonani. Hukutana sokoni tu, na hata huko hukutana kwa njia ya ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani. Mara nyingine ng'onda hiyo huwa fupi kuliko kiganja cha mtoto. Mnunuzi huona bei tu. Haoni kwamba alichokishika mkononi ni samaki aliyevuliwa kabla hajazaa hata mara moja.

Makala haya yanatetea hoja moja. Katika miezi ya baridi na ukame, samaki wa bahari na wa mto pia hujikusanya mahali pembamba. Wakati huo chombo cha kuvulia kinachofaa ni kile kinachoweza kuchagua, na chombo hicho ni ndoana, hasa ndoana yenye chambo bandia. Kokoro, chandarua na sumu havichagui. Tena, hoja hii haimhusu mvuvi wa pwani peke yake; nusu yake iko mikononi mwa mkulima wa bara.

Mahali maji mawili yanapokutana

Maji ya mvua inayonyesha juu ya Nachingwea na Ruangwa huteremka kwa njia mbili kubwa. Mengine huelekea kaskazini na kuingia katika mto Mbwemkuru, ambao huifikia bahari kati ya Kilwa na Lindi. Mengine huelekea kusini na kuingia katika mto Lukuledi, ambao hupita kati ya nyanda za juu za Rondo na za Makonde, kisha huishia katika hori la Lindi, mji ukiwa upande mmoja na Kitunda upande wa pili. Mahali kama hapo wataalamu hupaita maingilio ya mto: maji ya chumvi hupanda na kushuka kila siku kwa nguvu ya kujaa na kupwa, na maji matamu huyapokea au huyasukuma kwa kadiri ya wingi wa mvua.

Maingilio ya mto ni shamba lenye rutuba kubwa. Mto huleta majani yaliyooza na madini kutoka bara, mikoko huongeza majani yake, vijidudu huyala, uduvi, kamba na dagaa huvila vijidudu, na samaki wadogo wa aina nyingi hujificha kati ya mizizi, ambamo samaki wakubwa hawawezi kupenya kwa urahisi. Chewa, kolekole, mzia, chaa na mkizi, wote wana aina ambazo hupitisha utoto wao humo, ingawa ukubwani wengi wao huishi penye miamba au katika bahari ya nje. Kwa hiyo anayeyaharibu maingilio haharibu samaki wa hapo tu, bali pia samaki ambao wangevuliwa baadaye mbali sana na hapo.

Nchi hii ina ushahidi wa kale wa jambo hilo. Katika kilima cha Tendaguru, kusini mwa bonde la Mbwemkuru, wataalamu kutoka Berlin walichimbua mifupa ya mijusi mikubwa mno ya kale kati ya mwaka 1909 na 1913. Mawe hayo, yenye umri wa miaka milioni 150 hivi, yanaonyesha kwamba zamani hizo palikuwa pwani tambarare yenye ghuba za maji ya kina kidogo, na ndani yake wamepatikana pia samaki. Mijusi ile imetoweka, lakini samaki na maji ya namna hiyo bado wapo katika pwani ya leo. Urithi wa namna hii haufai kumalizwa kwa uzembe wa vizazi viwili.

Kusi hufanya nini

Wakati wa kaskazi, katika miezi ya Februari na Machi, maji ya juu ya bahari katika pwani ya Tanzania hufikia nyuzi za Sentigredi 29 au 30. Kusi ikishika, hushuka hadi nyuzi 25 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo kwa binadamu aliyevaa shati, lakini samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la maji. Kwa kanuni ya jumla, kazi za mwili wa mnyama wa namna hiyo, pamoja na kusaga chakula, huongezeka mara mbili hivi kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Maji yakipoa kwa nyuzi 4, kazi hizo hupungua kwa kiasi cha robo. Samaki hazimii wala halali. Hula kidogo zaidi, na hupendelea windo lisilomchosha.

Mambo mengine mawili hutokea. Kwanza, mvua zikikoma mto hupungua, na maji ya chumvi hupanda mbali zaidi ndani ya hori, yakiwafungulia samaki wa baharini njia ya kufika mahali ambapo wakati wa mvua palikuwa na maji matamu yenye tope. Pili, tope hutua na maji hung'aa. Samaki wawindao kwa macho huweza kuona mbali.

Lakini miezi hii ni ya hatari pia. Aina nyingi za samaki wa pwani ya Afrika Mashariki huzaa zaidi wakati wa kaskazi, bahari inapokuwa tulivu na yenye joto. Watoto waliozaliwa wakati huo, ifikapo Juni, wako ndani ya mikoko wakiwa na urefu wa kidole au kiganja. Na ndipo mvuvi aliyezuiwa na kusi anapoingia humo na kokoro lake. Wakati mvuvi anapohitaji hori zaidi kuliko wakati wowote, ndio huo huo ambao hori limejaa watoto.

Kokoro huvutwa pwani na watu wengi, nalo hukokota kila kilicho mbele yake: samaki mkubwa, mtoto wa samaki, mayai yaliyonata kwenye nyasi za bahari, na nyasi zenyewe. Hapa hesabu ndogo itasaidia. Uzito wa samaki huongezeka kwa mchemraba wa urefu wake: urefu ukiongezeka mara mbili, uzito huongezeka mara nane, ukiongezeka mara nne, uzito huongezeka mara 64. Tuseme watoto kumi wa kolekole wenye sentimeta 10 wamevuliwa leo. Kama wangeachwa, na tisa kati yao wakafa kwa njia za kawaida za bahari, yule mmoja aliyebaki akifikisha sentimeta 40 angekuwa na uzito wa zaidi ya mara sita ya wale kumi wote pamoja. Tena angekuwa amepata nafasi ya kuzaa.

Funzo kutoka nchi za baridi

Wazungu wa pwani za Atlantiki wana samaki mmoja wanayempenda sana, besi wa baharini, ambaye wataalamu humwita Dicentrarchus labrax. Utotoni huishi katika maingilio ya mito. Ukubwani huingia na kutoka humo kutafuta chakula. Na wakati wa majira ya baridi besi wakubwa huenda bahari ya nje kuzaa. Wavuvi wa ndoana wa Uingereza humwinda katika midomo ya mito hata wakati wa baridi kali, wakitumia vyambo bandia vinavyovutwa polepole mno, kwa kuwa katika maji ya nyuzi chini ya 10 samaki hakubali kukimbiza chakula.

Besi hukua polepole. Jike huhitaji kiasi cha miaka mitano au zaidi, na urefu wa sentimeta 42 hivi, kabla ya kuzaa. Mwaka 1990 serikali ya Uingereza iliyatenga maeneo 34, mengi yakiwa maingilio ya mito, kuwa malezi ya besi wachanga, na ikapiga marufuku au kuwekea mipaka uvuvi wa samaki huyo kwa vyombo vya majini humo. Hata hivyo, meli ziliendelea kuwavua besi wakubwa walipokusanyika baharini kuzaa. Baada ya mwaka 2010, kutokana na uvuvi huo pamoja na miaka kadhaa ambayo watoto wachache waliokoka, idadi yao ilishuka sana. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulizuia nyavu za kukokotwa katika miezi hiyo ya kuzaa, ukapandisha kipimo cha chini cha besi anayeruhusiwa kutoka sentimeta 36 hadi 42, na ukamwekea hata mvuvi wa ndoana wa kujiburudisha kikomo cha samaki watatu kwa siku.

Funzo lake ni mawili. La kwanza, kulinda malezi ya watoto peke yake hakutoshi kama wazazi wanamalizwa mahali pengine. La pili, ndoana nayo ina mipaka. Haifai kusifiwa kana kwamba haiwezi kudhuru. Ubora wake ni kwamba humpa mvuvi nafasi ya kuamua baada ya kumwona samaki, nafasi ambayo kokoro halimpi.

Samaki hudanganywaje

Yafaa ieleweke kwamba chambo bandia si uchawi wala mchezo wa matajiri, bali ni elimu ya tabia za samaki iliyogeuzwa kuwa chombo. Samaki awindaye hutumia hisia tatu zaidi ya nyingine: macho, harufu, na mstari wa vitundu vidogo upitao ubavuni mwake kutoka kichwani hadi mkiani. Kwa mstari huo huhisi mtikisiko wa maji unaosababishwa na kiumbe kinachojongea karibu. Chambo bandia hakina harufu ya chakula. Kazi yake yote ni kuyadanganya macho na mstari huo wa ubavuni.

Mwaka 1936 mvuvi mmoja wa Finland, Lauri Rapala, alitambua jambo muhimu kwa kutazama tu. Aliona kwamba samaki mkubwa akivamia kundi la wadogo, humchagua yule anayeogelea kwa kuyumbayumba kama aliyejeruhiwa. Rapala alichonga gome jepesi la mti kwa umbo la samaki mdogo, akalifunika kwa karatasi inayong'aa ya kufungia chokoleti, akalipaka utando wa filamu za picha zilizoyeyushwa, na akahakikisha kwamba likivutwa linayumba. Alikuwa mtu wa hali ya chini. Hakuwa na maabara wala kiwanda. Utafiti wa namna hiyo unaweza kufanywa na kijana yeyote mwenye kisu kikali, macho makini na subira.

Wala wavuvi wa Waswahili hawakusubiri kufundishwa jambo hili na Finland. Wao wana neno lake la zamani, kurambaza: kuvuta mshipi nyuma ya ngalawa inayokwenda kwa tanga, ndoana ikiwa imefichwa ndani ya manyoya, kitambaa cheupe au nyuzi zing'aazo, ili nguru au jodari adhani ni dagaa anayekimbia. Linalopendekezwa hapa ni kuileta elimu hiyo ndani ya hori wakati wa kusi. Mvuvi husimama ukingoni au katika mtumbwi, hutupa chambo karibu na mizizi ya mikoko maji yanapoanza kupwa, kwa sababu wakati huo samaki wadogo hulazimika kutoka katika maficho yao na wawindaji huwangoja kwenye mikondo. Kwa kuwa maji yamepoa, huvuta taratibu, akikipumzisha chambo mara kwa mara. Bamvua huleta mkondo wenye nguvu. Maji mafu huhitaji chambo chepesi zaidi.

Chambo bandia kina faida nyingine inayosahauliwa. Mvuvi wa chambo hai lazima kwanza avue chambo chenyewe, yaani dagaa, kamba au ngisi, na mara nyingi hukichota kutoka maji hayo hayo ya malezi. Tena samaki alaye chambo hai hukimeza hadi tumboni pamoja na ndoana, wakati anayeshambulia chambo bandia kwa kawaida hunaswa mdomoni. Mvuvi akiwa amelifinya kwa koleo lile jino la ndoana linalozuia kuchomoka, anaweza kumrudisha majini samaki asiyefaa, naye akaendelea kuishi.

Uwezo huo wa kurudisha una maana kubwa kwa chewa. Samaki huyu huanza utu uzima wake akiwa jike, na baadaye, akishakuwa mkubwa, baadhi yao hugeuka kuwa dume. Anayewavua wadogo wote huondoa majike kabla ya kuzaa. Anayewavua wakubwa wote huondoa madume. Katika Ziwa Viktoria, kanuni za sangara zilitambua hoja ya namna hii kwa kuweka kipimo cha chini cha sentimeta 50 na cha juu cha sentimeta 85. Kanuni ya vipimo viwili haiwezi kufuatwa na chombo ambacho humleta samaki ufukweni akiwa amekwisha pondwa na kufa.

Hoja za wapinzani

Yako maswali ambayo mtu mwenye haki hawezi kuyakwepa. La kwanza ni la njaa. Mvuvi mwenye watoto sita atasema kwamba kumrudisha samaki majini ni anasa ya mtu aliyeshiba. Swali hilo ni zito, na halijibiwi kwa hotuba. Jibu lake linaweza kupatikana kwa mkulima. Mkulima wa Naipingo, hata katika mwaka wa njaa, hujitahidi asile mbegu yote. Si kwa sababu ameshiba, bali kwa sababu anaijua njaa ya mwaka unaofuata. Mtoto wa samaki katika hori ni mbegu. Tofauti ni kwamba mbegu hii haiko ghalani mwa mtu mmoja, na kwa hiyo kila mtu huogopa kwamba akiiacha, mwenzake ataichukua. Ndiyo maana suala hili haliwezi kuachiwa wema wa mtu mmoja mmoja. Lahitaji mapatano ya kijiji.

La pili ni kwamba chambo bandia huwanasa wawindaji tu. Mkizi na chaa hawakifuati, wala kamba. Ni kweli. Wahenga walisema hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi, lakini mkizi huyo hurukia chomboni kwa hasira zake, hajali chambo cha mtu. Kwa hiyo ndoana haiwezi kuwa chombo pekee. Kimia kinachotupwa na mtu mmoja, na wavu wenye macho makubwa, vina nafasi yao. Vilevile mwanamke anayetanda uduvi kwa ajili ya mboga ya nyumbani si yeye wa kuanza kuadhibiwa, ingawa inafaa aelezwe kwamba chandarua huchukua na watoto wa samaki.

La tatu ni la taka. Vyambo laini vya plastiki vinavyouzwa madukani hukatika na kubaki katika mizizi ya mikoko kwa miaka mingi. Basi visiletwe. Mti mwepesi, kipande cha bati, manyoya ya kuku na mpini wa kijiko kilichovunjika vyatosha. Chambo cha kijiko, kinachotumiwa dunia nzima, kilipewa hataza huko Marekani mwaka 1852, na kimsingi hakijabadilika tangu hapo.

La nne hutoka kwa watu wa sheria: kwa nini kuhangaika na ndoana, wakati makokoro na baruti vimekwisha pigwa marufuku? Ni kweli kwamba Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilipiga vita baruti, na kwamba sheria mpya ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza zana haribifu. Lakini pwani ya Lindi na Mtwara ilisikia milipuko kwa miongo kadhaa baada ya mwaka 1970. Sheria inayomwambia mtu asifanye nini bila kumwonyesha afanye nini wakati wa kusi humsukuma kuvua usiku.

Nusu ya jambo iko Naipingo

Mkulima wa bara anaweza kudhani kwamba habari hizi ni za watu wa pwani. Sivyo. Katika miezi hii hii, vidimbwi vilivyobaki katika mito ya Nachingwea na Ruangwa huwa na samaki waliokusanyika kama wale wa hori: kambale, perege na wengineo. Hao ndio watakaozaa mvua zikirudi. Kuna desturi iliyoenea sehemu nyingi za Afrika Mashariki ya kutwanga utupa na kuutia katika vidimbwi. Sumu iliyomo katika mmea huo huzuia chembe za mwili wa samaki zisitumie oksijeni, na samaki wote, wakubwa kwa wadogo, huelea. Utupa ni kokoro la bara. Nao haujui tofauti kati ya kitoweo cha leo na mbegu ya kesho.

Ndani ya mito ya pwani ya Afrika Mashariki huishi pia mikunga wa maji matamu. Hawa huzaliwa mbali katika Bahari ya Hindi, huingia katika maingilio ya mito wakiwa vijitu vyembamba vinavyopenya nuru, hupanda hadi bara, hukaa huko miaka mingi, kisha hurudi baharini kuzaa mara moja tu na kufa. Kwa mkunga, kidimbwi cha bara na hori la pwani ni nyumba moja yenye vyumba viwili. Anayetia sumu katika chumba kimoja amekiathiri na cha pili.

Udongo nao husafiri. Ukingo wa mto ukifyekwa na kuchomwa moto kwa ajili ya ufuta au mihogo, mvua ya kwanza huuchukua udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba, na hatimaye huutua juu ya nyasi za bahari na katika mikondo ya mikoko. Mkulima amepoteza shamba, na mvuvi amepoteza malezi ya samaki, kwa kosa moja. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka meta 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kuharibu. Sheria hiyo haikutungwa kumwonea mkulima. Ni kinga ya udongo wake mwenyewe.

Reli ya Mkwaya na hadhari yake

Iko sababu ya kuwa waangalifu na kila pendekezo jipya, hata hili. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walianzisha mradi wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea walijenga reli kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, kuelekea bara. Mapori yalifyekwa kwa mashine kubwa kabla ya mvua na udongo kuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi. Mapema katika miaka ya 1960 reli nayo ilifungwa. Hori la Lindi na nchi ya Nachingwea vilikuwa vimeunganishwa kwa chuma, lakini havikuunganishwa kwa maarifa.

Basi uvuvi wa chambo bandia usiletwe kama karanga zilivyoletwa. Ujaribiwe kwanza. Vijiji viwili vya horini vikubaliane kwamba kuanzia Juni hadi Agosti, mkono mmoja wa hori uachwe kwa ndoana peke yake, na mkono mwingine uendelee na zana nyingine halali. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, iliyoundwa mwaka 1980, pamoja na walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu, wapime urefu wa samaki katika sehemu zote mbili kila mwezi, kwa miaka isiyopungua mitatu. Vipimo hivyo visomwe mbele ya wavuvi wenyewe, kwa Kiswahili, na si kufungiwa katika ripoti. Mfano wa kuwashirikisha wananchi upo katika mkoa jirani wa Mtwara, ambako Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000. Matokeo yakionyesha kwamba ndoana haifai, na iachwe. Yakionyesha kwamba inafaa, vyuo vya ufundi vifundishe vijana kuchonga vyambo kwa mti na bati, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari vipewe nguvu ya kuulinda ule mkono wa hori.

Lakini lipo jambo moja lisilohitaji kungoja miaka mitatu, nalo liko katika uwezo wa kila mnunuzi wa Naipingo. Dagaa ni mdogo kwa asili yake. Huyo na aliwe. Lakini ng'onda ya kolekole au ya chewa ipimwe kwa mkono. Isiyofika shibiri moja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, irudishwe mezani kwa mchuuzi kwa maneno ya upole. Mchuuzi atamwambia mwenye kokoro, na mwenye kokoro atasikia haraka kuliko anavyosikia tangazo la serikali, kwa kuwa soko ndilo linalomlisha. Mkono wa mama anayenunua kitoweo, ukinyooshwa juu ya ng'onda katika soko la bara, unaweza kuyalinda maingilio ya mto ambayo hajapata kuyaona.